Mama Bariki na Kusoma Kwake kwa Hans

Mpendwa wetu Prisca Elihuruma, Mama Bariki, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 huko Kikatiti, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda chake cha cherehani Kijenge, na tarehe 14 Septemba 1991 akafunga ndoa ya Kikristo na kaka yetu Sifaeli, wakajaliwa watoto wawili, Bariki na Brenda.

Mwaka 2016 presha ilimpanda, daktari akamwambia atafute muda wa kujitunza, naye akachagua kusoma vitabu, kazi iliyomtoa jasho, maana mwanzoni alisinzia ukurasa wa pili na kichwa kikamgonga, lakini hakuacha, na kidogo kidogo usingizi wake ukatulia na presha ikashuka.

Sifaeli hakuyajua hayo, alichosikia kwa majirani ni kwamba Mama Bariki anasoma kwa Hans, mwalimu mstaafu wa Sekei, na kwa kuwa kwetu mtu akisema anasoma tunaelewa yuko darasani, akajiuliza hilo ni darasa gani la mwanafunzi mmoja, wivu ukamchemka, akavaa koti la ibada akaenda. Alimkuta mkewe peke yake barazani na kitabu, Mwalimu Hans aliyemwazima yuko shambani anapogoa kahawa, na mkewe hakuinua hata macho. Hapo wivu ukazidi, kwa sababu mwanamume mwenzako utamkunja shati, kitabu utakikunja wapi? Tangu siku hiyo alikinunia kila kitabu kilichoingia nyumbani, maana kilimchekesha mkewe kuliko yeye.

Mwaka 2023 kisukari kilififisha macho ya Mama Bariki, ndipo akamwomba mumewe amsomee, naye akasoma kwa kusitasita, akirudishwa mstari kila alipokosea, wala hakukubali mtoto yeyote ampokee. Tarehe 9 Juni 2025, kitabu kikiwa hakijaisha, Mama Bariki aliaga dunia, na tuliposhauri kitabu hicho kiwekwe ndani ya jeneza, Sifaeli alikataa akasema, "Asije akakimalizia huko bila mimi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kijenge, mafundi wenzake, na Mwalimu Hans, ambaye mfiwa ameomba atajwe mwisho.

Pumzika kwa amani, Mama Bariki, wala usimharakishe mumeo, bado anasoma polepole.