Aliye Katikati ya Safu ya Mbele

Kijiwe kile kilikuwa benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na wenyewe walilikalia kwa cheo, si kwa kuwahi. Kichwani aliketi Kamanda, mlinzi mstaafu. Kando yake Wakili, fundi viatu ambaye hakuwahi kushindwa kesi kwa kuwa hakuwahi kupewa hata moja. Kinyozi alisimama mlangoni, moyo juu juu. Mchoraji alikuwa njiani kuja kuchora ukutani hapo maandamano ya zamani, siku mtaa ulipodai haki ya kupiga kura na ya kuingia ofisi za mji kwa mlango wa mbele. Kesho mama yake Kinyozi angeletwa kuutazama ukuta huo. Picha ya kufuatisha ililala kati ya vikombe vya kahawa, na safu yake ya mbele ilikuwa ya wanawake peke yao.

— Hao si wanawake, alisema Kamanda. Ni sisi.

— Sisi nani, mzee wangu? aliuliza Kinyozi.

— Wanaume. Tulivaa magauni kuwazuga askari. Mkakati huo, mwanangu. Haufundishwi saluni.

— Nathibitisha, alidakia Wakili. Mwenye kilemba cha maua ni mimi. Gauni lilinibana makwapa, mpaka leo nalisikia.

— Na wanaume hawa wanaochungulia kule nyuma?

— Hao ndio wanawake, alisema Kamanda. Tuliwaazima suruali.

— Na ndevu?

— Za kubandika. Ulidhani tulikuwa tunacheza?

Kinyozi aliweka kidole katikati ya picha, taratibu, kama anayeelekeza kichwa cha mteja.

— Huyu ni mama yangu. Mtoto aliyempakata ni mimi.

— Huyo ni mimi, alisema Kamanda bila kupepesa macho. Mama yako alibaki nyumbani anapika.

— Anampikia nani, na mtaa mzima uko barabarani?

— Anapika tu. Nami nikakuazima wewe, nionekane mama kamili. Ulinikojolea, na sijawahi kukulaumu.

— Mama anasema bango hili la kitambaa alilishona yeye. Walipofungiwa mlango wa ofisi, wanawake walikaa chini palepale mpaka ukafunguliwa.

— Mama yako mtu mzima sasa, kumbukumbu zinamchezea. Ananichanganya na yeye mwenyewe.

Ndipo Mchoraji akafika, ngazi begani, ndoo ya rangi mkononi, mgeni kabisa mtaani. Salamu hazijaisha, Kamanda alikwisha kumwagiza: safu ya mbele iwe ya wanaume, uso wa katikati uwe wake, na sharubu zisisahauliwe. Mchoraji aliinua picha, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa utulivu wa mtu ambaye macho yake hutangulia mkono wake.

— Sawa, wazee wangu. Nieleweshwe kimoja tu, nisije nikaharibu ukuta wa watu. Huyu wa katikati ananyonyesha. Kati yenu, nani alikuwa ananyonyesha?

Wakili alitafuta mwanya wa kisheria, asiuone. Kamanda alijitazama kifuani polepole, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

Kinyozi aliipokea ngazi, akaisimamisha katikati ya ukuta.