Uzi Mwekundu wa Katekista Agbenyega

Mheshimiwa Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama wa kwaya, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wa nyuma mliofuata harufu ya ugali wetu wa akple: kwa uzito unaoistahili siku hii, natangaza rasmi kuwa uzi mwekundu umekwisha.

Kwa miaka ishirini na miwili Katekista Agbenyega, anayestaafu leo, ametufumia Biblia nzima ukutani, akiunganisha kwa uzi vitabu vinavyotaja kitu kimoja. Milima kwa uzi wa bluu, mbuzi kwa kijani, visima kwa mwekundu. Nani kati yetu alijua kuwa mbuzi wamefika vitabu vingi kuliko Mtume Paulo?

Mimi nilishika visima. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sijaoa, naye Katekista akafundisha: Rebeka alipatikana kisimani, Raheli kisimani, Sipora kisimani. Nikauliza, "Na sisi tusio na kisima?"

Akasema, "Tuna pampu, Efo Dotse. Mungu habagui."

Jumatatu nikaketi penye pampu na mbuzi wawili wa mjomba, maana ngamia hatuna. Atakayeninywesha mimi na wanyama wangu, kama Rebeka, ndiye mke wangu. Lakini moyoni, ndugu zangu, nilishachagua: Akpene, yule mshonaji.

Siku ya tatu akaja kusimama mbele yangu. "Efo, hii pampu imekuajiri?"

"Nina kiu."

"Una mikono. Na mbuzi wako anakula kitenge changu."

Nikaenda kwa Katekista karibu nilie. Akapapasa uzi ukutani, akaguna. "Mwanangu, umemfuata mtu siye! Aliyenyweshwa alikuwa mtumishi, katumwa kumtafutia mwana wa bwana wake mke. Waliojitafutia walitoka jasho: Yakobo aliviringisha jiwe, Musa aliteka maji. Nenda kapige pampu!"

Je, sikupiga? Nilipiga wiki sita! Nilimjazia Akpene ndoo, nikawajazia shangazi zake, nikawajazia hata watu wa kijiji cha pili ambao hatusalimiani nao. Akpene akaanza kutabasamu. Wiki ya saba mpini ukanikatikia mkononi.

Katekista, mafundisho yako ni ya kweli tupu. Ulisema wake hupatikana kisimani, na mimi mwenyewe ni shahidi. Pumzika sasa, kwa amani, lakini si ile ya makaburini.

Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu. Akpene aliolewa Pasaka iliyopita na fundi aliyekuja kutengeneza pampu.