Aliyeita kwa Sauti Yangu

Bwana asifiwe, kanisa! Na nyinyi mliokaa nje kwenye hema, Bwana asifiwe! Kina mama mliotoka Kajiado asubuhi na mapema, takwenya! Nimesikia mkiitikia. Mungu awabariki.

Mara ya mwisho niliposhika maikrofoni hii niliwadanganya. Mlipiga makofi, mkaniimbia, na nilikuwa nawadanganya. Pastor anajua. Ndiye ameniruhusu nirudi mahali pale pale niseme ukweli.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Naserian, yule wa gofu. Nilianza nikiwa kedi, nikibeba mifuko ya fimbo za wenyewe hapa upande wa Kitengela, mpaka mama mmoja akanipa fimbo zake kuukuu nijaribu. Mungu alikuwa ameniwekea mkono. Nikacheza ridhaa miaka kadhaa, kisha nikaingia kwa wanawake wa kulipwa. Katika msimu wetu tunazunguka viwanja mbalimbali, wa kulipwa na wa ridhaa tukicheza pamoja, na mshindi ni yule aliyemaliza mashimo yote kwa mikwaju michache zaidi. Ni hivyo tu.

Ndugu zangu, miaka mitatu sikushinda kitu. Nilifunga, nikaomba, nikaimba kwaya, na kila shindano nilirudi nyumbani nikiwa wa kumi na kitu. Na nyumbani kulikuwa na mama yangu, Yeyo, kama tunavyoita mama kwa Kimaasai. Yeyo alikuwa akiuza shanga Namanga, mwanamke wa kutembea sana, na siku moja pale mpakani kiharusi kikamwangusha. Upande wa kushoto ukafa. Nikamleta nyumbani kwangu Kitengela, na tangu siku hiyo hajawahi kusimama peke yake. Ni kitanda na kiti, kiti na kitanda. Nikienda mashindano, jirani yangu Mama Wanjiru ndiye anakaa naye.

Basi, wiki moja kabla ya msimu uliofuata kuanza, nilikuwa nafanya mazoezi katika uwanja mmoja ulioko kwenye zile mbuga kabla ya kufika Kajiado. Ilikuwa mchana, jua kali, na sikuwa na mtu. Kuna shimo moja pale linalopita kando ya kichaka cha ile miiba yenye vinundu vyeusi. Mnaijua. Upepo ukipita kwenye vile vinundu, inapiga mluzi. Nilikuwa nimepiga mpira ukaingia humo kwa mara ya tano. Nikakaa chini nikalia. Na nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, nikasema: "Mimi nimechoka kungoja. Yeyote anayenisikia hapa, nipe msimu huu. Chukua chochote unachotaka."

Yeyote! Mtoto wa kanisa anasema "yeyote"!

Upepo uliendelea kuvuma. Niliuona kwenye nyasi, niliusikia kwenye kofia yangu. Lakini mluzi ulinyamaza. Kichaka chote kikanyamaza kama watu walioambiwa siri. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka haraka, na nikajiambia ni jua limenipiga kichwani.

Shindano la kwanza, siku ya mwisho, nikapiga mpira vibaya ukaenda moja kwa moja kwenye miti. Kedi wangu, Jane, mwanamke mtu mzima ambaye hajui kudanganya, aliusikia ukigonga shina. Tulipofika, mpira ulikuwa nje, kwenye nyasi safi iliyokatwa, umekaa vizuri kama yai kwenye kiota. Jane akainua macho, akauangalia mti, akaniangalia mimi.

"Dada, hii mpira iliingia ndani. Mimi niliskia."

"Iligonga ikarudi," nikamwambia.

"Ikarudi hivi yote?"

"Jane, nipe fimbo."

Nikapiga. Nikashinda kwa mkwaju mmoja. Aliyekuwa wa pili ni Grace, mwalimu kutoka Kiserian, mchezaji wa ridhaa. Na Jumapili iliyofuata nikasimama hapa, na kikombe mkononi, nikawaambia Mungu amejibu. Mnakumbuka.

Lakini sikuwaambia nilichokikuta nyumbani. Nilimkuta Yeyo kwenye kiti chake, blanketi magotini, kama kawaida. Nikapiga magoti nimvue soksi nimsugue miguu, maana miguu isiyotembea hupata baridi. Soksi zilikuwa zimelowa. Kati ya vidole vyake kulikuwa na mbegu za nyasi, zile zinazonata.

"Mama Wanjiru, mlimtoa nje leo?"

"Nimtoe na nani, Naserian? Mimi na huu mgongo? Nimemgeuza tu, nimempa uji, amelala lala hapo kwa kiti siku nzima."

Plot yetu imewekwa mawe kutoka geti mpaka mlangoni. Hakuna nyasi. Nikaziosha zile soksi, na sikuuliza tena.

Shindano la pili, mipira miwili ilipotea na yote miwili ikapatikana mahali pazuri. Nikashinda tena. Nilipofika nyumbani nyayo za Yeyo zilikuwa na udongo mweusi, ule wa mbugani unaoshika kama gundi, na katika kisigino cha kushoto, ule mguu uliokufa, kulikuwa na mwiba. Mwiba mweupe, mrefu kama kidole changu hiki. Nikauchomoa. Hakulia. Alinitazama tu kwa macho ya mtu aliyetoka safari, akasema polepole, maana ulimi wake pia ni mzito:

"Nimechoka kutembea."

"Yeyo, hujatembea. Umekaa hapa."

"Natembea tangu asubuhi."

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri, kwa sababu dhambi yangu iko hapa. Ningeweza kuwaambia sikuelewa. Nilielewa. Nilishika ule mwiba mkononi, nikaelewa ni nani anayetolewa kwenye kiti chake kwenda kutafuta mipira yangu. Kisha nikautupa mwiba kwenye pipa, nikapaka kisigino dawa, na kesho yake nikaenda mazoezi. Magazeti yalikuwa yameanza kuandika jina langu. Wasichana walikuwa wananiomba picha. Nilitaka msimu wangu.

Shindano la tatu sikuogopa tena miti. Nilikata kona. Nilipiga juu ya vichaka mahali ambapo hata wanaume hawajaribu, nikijua kwamba mpira ukianguka ndani, utatolewa. Na ulitolewa! Kila mara! Jane alikuwa ameacha kuniuliza maswali. Alitembea hatua kumi nyuma yangu, na midomo yake ilikuwa inacheza. Baadaye aliniambia alikuwa akiomba Zaburi.

Siku hiyo nilimkuta Yeyo amelazwa kitandani, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Miguu ilikuwa imevimba na kuchanika. Mama Wanjiru alikuwa amesimama ukutani, mbali na kitanda.

"Naserian," akaniambia, "mimi sitaki kukaa hapa tena. Leo nimemwona akipiga hatua akiwa amelala. Miguu inaenda hivi, hivi, hivi, chini ya blanketi. Nikaishika niitulize, ilikuwa baridi kama ya mtu ametoka mtoni."

Nikakaa kando ya Yeyo. Nikamshika mkono ule mzima. Nikamwuliza, "Yeyo, unaenda wapi?"

Akasema, "Unaniita."

"Mimi?"

"Kuna mtu ananiita kwa sauti yako. Anasema, Yeyo, kuja, mpira umepotea." Akapumzika kidogo. "Najua sio wewe. Lakini mtoto akiita, mama ataenda tu."

Hata baada ya maneno hayo nilienda kucheza shindano la mwisho! Nilimbembeleza Mama Wanjiru akubali kukaa kwa siku hizo tu. Nilijiambia nitapiga mipira iliyonyooka, sitapoteza hata mmoja, nitamaliza, kisha nitatubu. Mnaona shetani anavyotupangia ratiba? Tubu, lakini wiki ijayo.

Shindano lenyewe lilikuwa katika uwanja ule ule wa njia ya Kajiado. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na ardhi ilikuwa laini. Siku ya mwisho nikapangwa na Grace, yule mwalimu. Yakiwa yamebaki mashimo manne, nilikuwa mbele yake kwa mikwaju mitatu. Tukafika pale kwenye kichaka cha miiba. Nilipiga mpira ulionyooka, nawaambia ukweli, ulinyooka! Ukaenda vizuri, halafu hewani ukapinda wenyewe, polepole, kama umeitwa, ukaingia ndani ya miiba.

Tukatembea. Upepo ulikuwa mkali na miiba haikupiga mluzi hata kidogo.

Mpira ulikuwa nje. Kwenye nyasi safi. Na kutoka kichakani mpaka pale ulipo kulikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu, kwenye udongo mweusi. Mguu wa kulia ulikanyaga. Wa kushoto uliburutwa. Alama moja, mstari mmoja. Alama moja, mstari mmoja. Katika mstari kulikuwa na damu. Nyayo zilifika kwenye mpira zikaishia hapo. Hazikurudi.

Grace alisimama karibu yangu na kadi yangu ya mikwaju mkononi, maana kila mchezaji humwandikia mwenzake. "Cheza, Naserian," akasema kwa sauti ndogo. "Wanatungoja nyuma."

Hapo nikaisikia. Ndani ya miiba, si mbali, mahali ambapo hata mbuzi hawezi kupita, nilijisikia mimi mwenyewe nikiita. Ni sauti yangu. Ni vile ninavyoita nikifika nyumbani na mizigo nikitaka mlango ufunguliwe.

"Yeyo! Yeyo, kuja!"

Jane aliuangusha mfuko. Fimbo zote zikamwagika.

Kanisa, sijui nguvu zilitoka wapi. Nilitupa glavu chini, nikaingia kwenye ile miiba na mikono mitupu, nikapiga kelele kushinda ile sauti: "Yeyo, usije! Kaa chini, Yeyo! Usimsikilize! Mimi sijakuita!" Nikapiga magoti kwenye matope. "Nilisema yeyote, nimeyafuta hayo maneno! Ninamwita Yesu! Yesu peke yake! Nichukue mimi, Bwana, mwache mama yangu apumzike!"

Sauti ikaita mara moja tena. Safari hii haikumaliza neno. Ilianza "Ye..." ikakatika. Halafu miiba yote, kutoka huku mpaka kule, ikaanza kupiga mluzi kwa pamoja, na upepo ukanipiga usoni, nikatapika pale pale.

Refa alikuja, mzee mmoja mpole. Alinikuta nimechanika mikono. Akaniuliza kama naweza kuendelea, kama nataka kurudi mahali nilipopigia nipige upya na kuongezewa mkwaju. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mpira huu haukutoka wenyewe, na katika mashindano yote yaliyopita mipira yangu haikutoka yenyewe, na nilitia sahihi kadi nikijua. Nikamwambia mbele ya Grace na mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika. Akaandika. Hakuniuliza ni nani aliyekuwa akiitoa. Alikuwa ameziona nyayo, na aliandika bila kuinua kichwa.

Ikawa ndiyo mwisho wa msimu wangu. Niliondolewa, nikarudisha vikombe, nikafungiwa nisicheze msimu unaofuata. Wako wanaosema nilipata wazimu. Waseme.

Nilipowasha simu, Mama Wanjiru alikuwa amepiga mara sita. Nikajua nimechelewa. Nikampigia.

"Naserian, kuja uone," akasema, na alikuwa akilia. "Mama yako alikuwa anahangaika, miguu inaenda, inaenda. Halafu akaisimamisha. Akasema, nimeambiwa nikae. Hivyo tu. Sasa analala, na miguu imepata joto. Nimeishika mwenyewe."

Haleluya! Nani kama Bwana!

Niliporudi nyumbani alilala mpaka asubuhi, na asubuhi nilimvua soksi nikiwa nimefumba macho kwa woga. Zilikuwa kavu. Mlikuja nyinyi, kina mama wa kanisa, mkaomba na sisi siku saba, mkaosha vile vidonda bila kuuliza maswali. Siwezi kuwalipa. Grace pia alikuja, na kikombe chake ambacho kilikuwa changu. Nikampigia magoti nimwombe msamaha, akaniinua.

"Na mimi unisamehe," akaniambia. "Nyayo hizo niliziona tangu shindano la tatu. Nilinyamaza, nikaogopa kuchekwa."

Ndugu zangu, kuna mtu anataka niseme kwamba mama yangu sasa anatembea. Hatembei. Daktari anasema huenda asitembee tena. Nilikuwa namwomba Mungu amsimamishe, na kumbe kwa miezi ile rehema aliyoihitaji ilikuwa ni kuachwa akae. Leo ameketi nyumbani juani. Vidonda vimepona. Akilala, analala kabisa, na mimi nikimtazama namshukuru Yesu kwa miguu iliyotulia.

Msimu wangu wa kufungiwa umeisha na nimeanza kucheza tena. Mwezi uliopita nilipoteza mipira mitatu. Ilipotea kabisa, hatukuipata, nikaongezewa mikwaju, nikawa wa mwisho. Jane alicheka njia nzima, na mimi nikacheka. Hamjui raha ya mpira uliopotea ukabaki umepotea!

Sasa nataka kusema na wewe uliyechoka kungoja. Sitakwambia ni rahisi. Nilingoja miaka mitatu na sikuweza. Lakini kuna vitu vinavyosikiliza mtu akikata tamaa, na vinajibu haraka kuliko Mungu, na vinakuja nyumbani kwako kuchukua. Kama umekwisha kusema neno ambalo hulali kwa sababu yake, usipange kutubu wiki ijayo. Mimi sitaondoka baada ya ibada. Nitakaa benchi hili la mbele, upande wa dirisha, na Jane atakaa na mimi. Kuja tu. Hata kama huwezi kulisema kwa sauti, kaa kando yetu, na tutamwita Yesu kwa jina lake mpaka utulie.