Kasoki Aliyemjibu Bibi Perla

Jumatano tarehe 18 Agosti 2021, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Lidcombe, hapa Sydney, dada yetu Kasoki Cécile aliamka na homa, akapiga simu kazini kusema haji, na kabla hajataja kifua kilichombana aliuliza ni nani leo atakaa na bibi Perla.

Marehemu alizaliwa Butembo, Kongo, tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa mwalimu wa katekesi, akasoma hapo hapo hadi machafuko yalipomkatiza sekondari. Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Venant Mushagalusa mjini Bukavu, na baada ya miaka ya kuomba wakajaliwa mabinti wawili, Gloire na Aline. Walifika Sydney tarehe 14 Februari 2011, akasomea kutunza wazee, na tangu mwaka 2014 alifanya kazi katika nyumba ya wazee.

Huko alikutana na bibi Perla, Myahudi kutoka Polandi, ambaye uzee ulimwondolea Kiingereza chote akabaki na Kiyidishi, lugha ya utoto wake, ambayo wasemaji wake wengi waliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia, na watoto wa waliopona wakakua na lugha nyingine. Kasoki alijifunza maneno machache, akayatamka vibaya hata bibi akacheka mpaka machozi, lakini alimjibu. Korona ilipofunga milango, mwana wa bibi, mzee Leon, alisimama nje ya dirisha akiongea Kiingereza kwa simu, na mama yake akamtazama kama mgeni. Leon alikielewa Kiyidishi, ila tangu shuleni aliona haya kukisema. Kasoki alimsihi ajaribu, hata akikosea, naye akasema, "Mame, ikh bin do," yaani mama, niko hapa, na bibi akaweka kiganja kwenye kioo.

Tangu jioni ile Kasoki hakutulia. Mezani aliwataka mabinti, waliozoea kumjibu kwa Kiingereza, wamjibu kwa Kiswahili, Aline akamtania kwamba anawaona wote ni akina Leon, naye akacheka, lakini alimwambia Venant kuwa anaogopa siku watoto watakapokuwa upande wa pili wa kioo.

Siku hiyo ilikuja upesi. Homa ile ilikuwa Korona. Hospitalini, akipumua kwa oksijeni, Kiingereza kilimpotea, muuguzi akamshikia simu, na Gloire, akigugumiza Kiswahili, akamwambia, "Mama, niko hapa." Kasoki akafumba macho, ametulia. Alifariki Jumapili tarehe 5 Septemba 2021, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioacha chakula mlangoni, wafanyakazi wenzake, na ninyi mnaotufuata kwa simu, maana tulioruhusiwa hapa ni kumi tu. Mzee Leon ametuambia kwamba anaenda dirishani kila siku, lakini maneno yake yanaisha haraka, na mama yake bado anauliza Kasoki yuko wapi.

Ee Bwana, mpokee Kasoki, umpumzishe kwa amani mahali pasipo na kioo, uwape Gloire na Aline moyo wa kusema hata wakikosea, na bibi Perla usimwache bila mtu wa kumjibu. Amina.