Miaka Thelathini na Mitatu ya “Kwa Hiyo?”

Tarehe 30 Juni, kengele ya mwisho ya alasiri itakapolia, mwalimu wetu wa Jiografia na mkuu wa ofisi ya taaluma atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Yote ameitumikia katika shule hii moja, na ishirini na sita kati yake katika chumba kimoja, kile kilichobanwa kati ya stoo ya vitabu na bomba la maji. Anastaafu kwa umri, si kwa uchovu. Anayebisha ajaribu kumpita kwenye ngazi za ghorofa ya pili.

Jina lililo kwenye faili lake halitumiki sana hapa. Wanafunzi walimbatiza Mama Kwa Hiyo, wazazi wakalidaka jina hilo getini, na mwisho hata wakaguzi wakaambukizwa. Ipo barua ya kikazi iliyowahi kuletwa ikiwa imeandikwa hivyo hivyo juu ya bahasha. Aliigonga muhuri wa “Imepokelewa” na kuiweka kwenye faili bila kucheka, ila siku nzima alionekana mwenye furaha.

Kwa wale walioajiriwa juzi, maelezo ya jina ni haya. Mzazi akija kuuliza habari za mtoto wake, Mama Kwa Hiyo humkaribisha, humpa kiti, huifungua ripoti na kumweleza: somo hili anapanda, lile anashuka, mtihani wa mwisho una masomo haya, ukitaka mtoto asomee kazi fulani huwezi kuliacha somo fulani. Akimaliza, huvua miwani, huiweka mezani, na kuuliza, “Kwa hiyo?” Kisha hunyamaza. Hapo mzazi lazima aseme kwa maneno yake mwenyewe mtoto amefikia wapi na nyumbani watafanya nini. “Nimeelewa” haikubaliki. Aliyesema “nimeelewa” huanziwa upya toka ukurasa wa kwanza, bila kuguniwa na bila kuharakishwa, hata kama foleni imefika kwenye bomba.

Alianza kazi kijana kabisa, akiwa na sanduku moja na tufe la dunia lililobonyea upande wa bahari. Mwaka wake wa kwanza alipewa pia timu ya netiboli. Timu ilifungwa mechi zote, akairudisha mipira stoo kwa heshima zote na kubaki na ramani zake. Mwaka wa saba, mkuu wa taaluma wa wakati huo alipohamishwa, alikabidhiwa funguo, kabati lisilofungika, na kalenda ya zamani ukutani. Nyuma ya kalenda hiyo alichora kwa mkono wake njia zote za masomo: ukichukua haya unaweza kufika kule, ukiliacha hili mlango ule unafungwa. Mchoro huo bado upo. Wazazi wengi wameusogelea na kufuata mstari kwa kidole mpaka kwenye kazi waliyokuwa wakiiota, wakagundua kwamba umeanzia kwenye somo ambalo mtoto wao hulala darasani likifundishwa.

Hatuwezi kumuaga bila kumkumbuka baba mmoja, fundi bomba, aliyekuja hapa amevaa suti siku ya kazi. Alipita akitushika mikono walimu wote, pamoja na mpishi, akitushukuru kwa yale tuliyomfanyia mwanawe. Kijana alikuwa amepata pointi thelathini na moja katika mtihani wa majaribio, na jirani alikuwa na mtoto aliyepata kumi na mbili tu. Kumbe katika hesabu yetu pointi zikiwa chache ndiyo ushindi, na thelathini na moja ni kuponea chupuchupu. Walimu tuliangaliana, kila mmoja akamkumbuka mwanafunzi aliyekuwa akimsubiri mahali pengine. Mama Kwa Hiyo alibaki naye. Alimuuliza mkimbiaji wa thelathini na moja hupewa nini. Yule baba alifikiri, akakaa chini, kisha akacheka mwenyewe mpaka akalegeza tai. Kicheko kilipoisha akakumbuka kwamba kijana wake alijua ukweli tangu siku ya kwanza na alikuwa amezila sifa hizo wiki mbili nzima. Yaliyofuata nyumbani hatuyajui. Tunajua tu kwamba muhula uliofuata pointi zilipungua, na baba alirudi na suti ile ile.

Sisi walimu nasi hatukupona. Tulikuwa na desturi ya kuandika “Jitahidi” kwenye ripoti na kwenda kunywa chai. Mama Kwa Hiyo alizirudisha ripoti za darasa zima kwa mwalimu wa Hisabati, arobaini na moja, kila moja ikiwa na penseli nyekundu: “Ajitahidi wapi?” Mwalimu wa Hisabati alinuna siku tatu. Siku ya nne akaandika kwamba mtoto fulani hukosea anapohamisha namba kutoka upande mmoja wa mlingano kwenda mwingine, na kwamba maswali matano kila jioni yangemsaidia. Mzazi wa mtoto huyo, muuza mboga, alikuja kusema ndiyo mara ya kwanza ripoti kumpa kazi anayoiweza, kwa maana hata kama hajui mlingano anajua kuhesabu mpaka tano. Tangu hapo mwalimu wa Hisabati ndiye anayeturudishia sisi wengine ripoti zetu.

Kamati ya sherehe iliniagiza kwamba katika wasifu huu neno “mimi” lisionekane. Nimevumilia hadi hapa. Lakini desturi ya “Kwa hiyo?” haikuanza na mwalimu huyu kuzaliwa mwerevu. Ilianza na kosa, na kosa hilo lilinipata mimi, kwa hiyo kamati inisamehe.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja kazini, nami nilikuwa kidato cha nne. Siku ya kujaza fomu za usajili wa mtihani waliitwa wazazi peke yao, zaidi ya mia moja, kwa asubuhi moja. Mama yangu ni fundi cherehani. Alikuwa ameacha nguo za watu mezani, na alikuja akiwa bado na pini kwenye kola. Fomu ilikuwa na orodha ya masomo tisa, na ilitaka mzazi aweke tiki kwenye somo moja ambalo mtoto hatalifanyia mtihani. Mwalimu alimweleza haraka haraka, macho yake yakiwa kwenye foleni, kisha akamuuliza kama ameelewa. Mama akajibu, “Nimeelewa, mwalimu.” Angejibu nini kingine, mbele ya watu mia?

Mama alijua kitu kimoja kuhusu tiki: huwekwa kwenye kitu kizuri. Alipita orodha yote akitafuta somo nililokuwa nikilisimulia nyumbani kila siku, akaweka tiki yake safi kwenye Kemia.

Niliyaona matokeo yake kwenye ubao wa matangazo, orodha ya watahiniwa ilipobandikwa. Mstari wangu ulikuwa na masomo manane, na penye Kemia palikuwa na kistari. Muda wa kusahihisha majina ulikuwa umepita siku nne. Bila Kemia nisingeweza kuendelea na masomo ya sayansi, na mimi sikuwa na ndoto nyingine ya akiba.

Mwalimu alikwenda ofisi ya mitihani siku ile ile. Alikaa kwenye benchi lao siku mbili, mkononi ana barua aliyoiandika mwenyewe kwamba kosa si la mzazi wala la mwanafunzi. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkatalia kwa adabu. Mwaka ule nilifanya masomo manane.

Kilichonifanya nimshukuru maisha yangu yote ni jioni aliyorudi kutoka kule. Hakuniita ofisini. Alikuja nyumbani kwa miguu na kukaa kwenye benchi wanakokaa wateja wa mama, vumbi limempanda mpaka magotini. Mama alikuwa hajala vizuri tangu orodha ilipotoka. Alikuwa akirudia neno moja, kwamba amemfungia mwanawe njia kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ndiyo shida ya kuishia darasa la nne. Mwalimu alimwambia mbele yangu, na mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri suruali, kwamba kosa ni lake yeye mwalimu: aliuliza swali ambalo mtu mzima mbele ya umati hana jibu lake ila moja. Mama akakataa, akasema kosa ni lake. Mwalimu akakataa pia. Wakabishana, kila mmoja akilivuta kosa upande wake, mpaka mteja wa suruali akawaomba waligawane nusu kwa nusu ili apate nguo yake.

Hapo ndipo mama alipocheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akachukua suruali ile, akamrushia mteja aende kuivaa nyuma ya pazia, kisha akamgeukia mwalimu na kumwambia, “Mwalimu, mimi mteja simuulizi kama nguo itamkaa. Wote husema itakaa. Namvalisha, naona mwenyewe.”

Bado naona jinsi mwalimu alivyovua miwani na kuiweka juu ya cherehani. Wiki iliyofuata, mzazi wa kwanza kuingia ofisini kwake aliulizwa, “Kwa hiyo?” Ile ndiyo nguo inayovaliwa kabla haijatoka dukani. Mengine yalifuata. Shule yetu iliambatisha kwenye fomu ukurasa wa lugha nyepesi, siku ya usajili ikawa siku tano, na ofisini kikaongezwa kiti cha tatu, cha mwanafunzi, ili kusiwe tena na mzazi anayepiga tiki peke yake.

Mimi nilifanya mtihani wa Kemia mwaka uliofuata, nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mama Kwa Hiyo aliniombea ruhusa ya kuingia maabara alasiri, akakaa mlangoni akisahihisha ramani za watu ili pasiwe na wa kuniuliza nafanya nini humo bila sare. Leo maabara hiyo ina funguo mbili, moja ya mkuu wa shule na nyingine yangu. Wanafunzi wangu wananilalamikia kwamba nauliza sana “kwa hiyo?” Nawaambia wakashtaki kwenye chumba kile kilicho karibu na bomba.

Tusimfanye malaika, maana atatucheka. Husahau miwani kichwani na kuisaka ofisi nzima. Chai yake ina sukari ya kutosha watu wanne. Na mwezi uliopita afisa wa mafao alipokuja kumweleza fomu zake za kustaafu, sote tukiwa chumba cha walimu, alitikisa kichwa kurasa saba mfululizo akisema, “Nimeelewa, nimeelewa.” Mlinzi wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya upole, “Kwa hiyo?” Mama Kwa Hiyo alicheka mpaka machozi. Alikiri kwamba alipotea kwenye ukurasa wa pili na aliona haya kusema. Mficha uchi hazai, na mwenye kutufundisha hilo naye alijaribu kuuficha. Afisa wa watu alianza upya.

Kuanzia tarehe mosi Julai ofisi ya taaluma nimekabidhiwa mimi. Amenipa funguo, kabati ambalo bado halifungiki, kalenda yenye mchoro, na viti vitatu. Nilimuuliza nifanye nini siku foleni itakapofika bombani na muda hautoshi. Alisema siku hiyo ndiyo yenyewe, ndipo niende polepole zaidi. Nakiri naogopa. Kila fomu itakayopita mezani pangu ni mtoto wa mtu, nami najua kistari kimoja kinavyouma.

Zawadi ya wafanyakazi ni gauni la sherehe, na haikufungwa kwenye karatasi kwa sababu fundi amegoma kuitoa. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri tundu la sindano, mimi ndiye ninayemtungia uzi, lakini kipimo hajakisahau. Amemwita mstaafu wetu mara mbili kujaribu, akamfungua mshono wa bega, akaufunga tena. Wanapokutana, wanawake hawa wawili bado hubishana kosa lilikuwa la nani. Siku ya sherehe atamvalisha mbele yetu sote, ndipo atakapokubali kwamba kazi imekwisha.

Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa watoto waliofika walikotaka kwa sababu kuna mzazi aliyeeleweshwa. Tunakushukuru kwa wazazi uliowakuta wameinama ukawaacha wamenyooka, na wa kwanza wao ni mama yangu. Pumzika, lala mpaka jua lipande, kunywa chai yako na sukari yako, na tunakutakia maisha mema, marefu, yenye afya. Tunajua utatikisa kichwa na kusema umeelewa kwamba unapendwa, na sisi hatutakubali. Vua miwani, mama, uiweke mezani.

Kwa hiyo?