Nani Abebe Mlango

Mniwie radhi wanangu, wosia huu nitausema ovyo, maana maisha yangu yote nimelipwa kwa kuchekwa jukwaani, na leo nimelala chali, meno yangu yamo kikombeni, nanyi wawili mmenuna kama watu waliouziwa viti nyuma ya nguzo.

Sikia, Wilf, nawe Hetty, acha kutazama dirishani, njoo karibu, sauti yangu haifiki mbali tena. Nyumba hii ni ya mama yenu, asibughudhiwe. Buti zangu kubwa mpeni yeyote mwenye moyo wa kuzivaa. Linaloninyima usingizi ni ule mlango wa mchezo wetu: kila mmoja wenu anataka kuubeba mgongoni Jumatatu kule Oldham, hakuna anayetaka kuvaa kofia na kuuliza swali, na meneja wa ukumbi ameshasema msipopanda pamoja, zamu yenu atapewa yule mama na mbwa wake wanaocheza dansi. Mchezo wetu utatangulia kaburini kabla yangu.

Kofia hiyo aliivaa baba yenu mkubwa, Enoch. Mimi naingia na mlango mgongoni, yeye anauliza, "We bwana, mlango huo wa nini?" Kisha ananyamaza. Nami najibu, "Mke wangu kaapa leo atanifungia nje." Ukumbi mzima mbavu hawana. Siku aliyotaka jina lake kwenye tangazo lilingane na langu kwa ukubwa, nilimwambia, "Kaka, wewe nani amewahi kukucheka?" Akasema, "Kutochekwa ndiyo kazi yangu, mpumbavu wewe," akavua kofia, akaenda Rochdale kuuza samaki, na hadi leo hatujasalimiana. Nikamwajiri mwingine, akauliza mbiombio kama karani wa stesheni. Nikajibu, hakuna aliyecheka. Halafu sauti kutoka viti vya juu kabisa: "Nenda nyumbani, babu, mlango unao." Wakacheka sana, na kicheko hicho hakikuwa changu.

Basi Hetty, beba mlango, una mgongo wa mama yako na ulimi wangu. Wilf, kofia ni yako. Usinune. Mlango hata seremala hubeba. Lakini kunyamaza pale, kungoja hadi kicheko kiwafike watu kooni, hilo alilijua Enoch, na wewe unalo, nimekusikia ukijaribu jikoni. Majina yenu yaandikwe sawasawa. Nikishatiwa sandukuni, mwiteni Enoch, mkalisheni viti vya mbele ukumbini. Na Mungu awajazie kumbi, awape watu waliokunywa bia kiasi, awapitishe salama Jumatatu zote.

Sasa ivae kofia, Wilf. Niulize mara moja, nisikie.

Ehee. Hivyo hivyo.

Mke wangu... kaapa leo...

Ngojeni. Pumzi.

Hetty, usimkodolee macho ndugu yako. Kauliza vizuri. Aliyechelewa ni mimi.