Friji Linalokunywa Mafuta ya Taa

Kijiwe cha Omurushaka kilikuwa ubao mrefu kwenye baraza ya Projest, msaidizi wa Bwana Mifugo, na kahawa yake ilikuwa ya kutafuna: punje zilizochemshwa na majani zikakaushwa, zikatiwa kwenye kikapu kidogo kinachozunguka. Miaka hiyo ya hamsini serikali ilimletea Projest friji la mafuta ya taa la kutunzia dawa ya kuchanjia sotoka, likawekwa hapo barazani. Bwana Mifugo alimuuliza kama amelielewa. Projest, mbele ya watu, akajibu kwa Kiingereza kwamba ameelewa. Jana dawa ilipofika, akainama, akaona taa ndogo inawaka chini ya friji. Nani anapoza kitu kwa moto? Akaipuliza, ikazimika. Leo mchana chupa zilikuwa na joto la kwapa, na kesho ng'ombe wanachanjwa. Projest alikwisha kuitilia shaka pumzi yake. Lakini kijiweni alisema tu kwamba friji limegoma.

— Limechoka na safari, alisema Rwezaura, aliyeitwa Fundi Primasi kwa kuwa aliwahi kutengeneza jiko moja la primasi na likawaka. Toka Bukoba kwa lori! Baridi imemwagika njiani.

— Imemwagika wapi? akauliza Projest, kwa matumaini.

— Kyaka, pale mtoni. Hukusikia juzi watu wa kule walivyotetemeka?

— Ushamba huo, alisema Placidius, yaani Nusu Padri, aliyerudi kutoka seminari baada ya muhula mmoja. Baridi hii ni ya Ulaya. Haijui lugha yetu. Isomewe Kilatini.

— Unakijua? akauliza Fundi Primasi.

— Mwanzo wake.

— Basi mimi nasema tatizo ni mlango, akadakia Fundi Primasi. Unatazama barabara, joto lote la Karagwe linaingia. Tuugeuzie ukutani.

— Na dawa itatokaje? akauliza Nusu Padri.

— Hilo ni la idara ya mifugo. Mimi ni fundi.

Projest aliitikia kila neno kwa shukrani. Kila lililosemwa lilimsogeza mbali kidogo na ile taa.

Ndipo akafika Kyarimpa, mfugaji wa Nyakakika, miguu imejaa vumbi. Wiki hiyo alikuwa amefukia ng'ombe wawili waliouawa na sotoka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Kaa, utafune kahawa.

Hakukaa. Alichuchumaa, kama anayekagua chuchu za ng'ombe, akachungulia chini ya friji.

— Hii taa ni ya nini?

— Ya kumulikia, alisema Fundi Primasi.

— Inamulika nini huku chini?

Nusu Padri akakohoa. Kyarimpa akapitisha kidole kwenye utambi uliopoa, kikatoka cheusi.

— Bwana Projest, ng'ombe niwalete kesho au nisiwalete? Nimebakiwa na sita.

Projest alitafuta jibu la Kiingereza, halipo. Akatafuta la Kiswahili, likaanza na neno "serikali", akaliacha. Mwishowe akasema kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani, polepole:

— Usiwalete, mama. Dawa imeharibika. Taa niliizima mimi.

Kyarimpa aliinuka, akajifuta kidole kwenye shuka.

— Nisiwalete hadi lini?

Hapo hata Nusu Padri alitazama barabara ya Bukoba, lori la dawa linakotokea.